Mwenyekiti Aliyekataa Kutoa Fahali

Jumatano ya pili ya mwezi wa tatu mwaka huu, saa nne asubuhi, kijiji chetu kilimpoteza Mwenyekiti wake. Mazishi yalipangwa kesho yake alasiri. Kesho yake ilipofika saa tano, hakuna mwanaume hata mmoja aliyekuwa ameshika jembe kwenda kuchimba kaburi. Si kwamba hawakuja. Walikuwa nje ya uzio wa minyaa, wengine wameegemea baiskeli zao, wanatazama chini. Mwenyekiti alikufa akiwa ametengwa, na kwetu mtu aliyetengwa hachimbiwi kaburi mpaka jambo lake limalizwe.

Mimi nilikuwa ndani ya uzio pamoja na wanawake wa nyumba ile. Jambo lake nililijua kuliko wote waliokuwapo, kwa sababu nusu yake ilikuwa yangu.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake. Wanaoyajua hayo wapo. Nitaandika niliyoyaona katika miaka kumi na moja niliyokaa naye kwenye halmashauri ya kijiji. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu unasomeka, kwa hiyo nilipewa kazi ya kuandika mihtasari ya mikutano Mtendaji wa kijiji asipokuwapo, na baadaye hata akiwapo.

Mhuri aliutunza kwenye mfuko wa ndani wa koti, umefungwa kwa leso. Koti hilo hakulivua hata jua la mwezi wa kumi. Mke wake alilalamika kwamba mashati yote ya mume wake yana doa la wino upande wa kushoto, hata lile jeupe la kanisani. Yeye alijibu kwamba mhuri ukikaa ofisini utajifunza kutembea wenyewe.

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao uliwachosha watu. Hakugonga mhuri kwenye karatasi yoyote kabla haijasomwa kwa sauti. Ukija na barua ya utambulisho, hata kama ameiandika yeye mwenyewe, alikwambia, "Soma nisikie." Asiyejua kusoma alisomewa. Vijana waliokuwa wanakwenda kutafuta kazi mgodini Bulyanhulu walikuja na haraka zao, bodaboda inanguruma nje, na bado walisimama pale wakisoma majina yao kama watoto wa darasa la pili. Mmoja alimwekea soda mezani ili mambo yaende upesi. Mwenyekiti akaitazama ile chupa.

"Hii ya nani?"

"Yako, mzee. Kupoza koo."

"Soda ya mwenye shida hunijaza gesi. Kunywa mwenyewe, upate sauti ya kusoma."

Alikuwa pia mzee wa kanisa. Mikutano yote aliifungua kwa sala, halafu akamwomba fundi cherehani wetu, Mwislamu aliyehamia kufuata biashara ya migodini, naye apige dua. Siku moja mchimbaji mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Na sisi tusiosali kokote, Mwenyekiti?"

"Nyinyi kaeni hukohuko nyuma," akajibu, "mtu asitoroke kabla ya mengineyo."

Watu walicheka, lakini yeye alilichukulia jambo la mikutano kama ibada. Aliniambia mara nyingi, tukiwa tunapanga karatasi, "Mama Kulwa, siku ya hukumu sitaulizwa kama niliheshimiwa. Nitaulizwa kama niliitisha mkutano." Maneno hayo nimeyakumbuka sana mwaka huu, na hayanifariji.

Hakuwa mtakatifu. Alichelewa kila mkutano, na akifika alisema mkutano huanza Mwenyekiti akifika. Mwingine akichelewa alisimamishwa mbele ajieleze. Wanawake alitupa nafasi ya kusema, lakini tukirefusha alianza kutazama saa yake. Alipenda kusifiwa. Mgeni wa wilayani akimsifu, tuliisikia sifa hiyo mwezi mzima. Na subira yake ilikuwa fupi. Jambo likishaingia kichwani kwake kwamba ni jema, alitaka liwe limefanyika jana.

Lakini kwenye ngitili hakuwa na upendeleo. Ngitili ni malisho tunayoyafunga mvua zikianza, nyasi zikue bila kuguswa, tuyafungue kiangazi ng'ombe wasife kwa njaa. Mwaka mmoja maksai wake wawili waliingia humo wakati pamefungwa. Hakuna aliyewaona isipokuwa yeye. Aliwaswaga mwenyewe mpaka kwa kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, akasema, "Hawa wamekula cha watu. Nitozeni." Alitoa mbuzi siku ileile. Mbuzi akaliwa, jambo likaisha. Mke wake hakumpikia jioni ile.

Sasa niseme lile lenyewe.

Mfanyabiashara mmoja wa dhahabu alitaka kuweka mtambo wa kuchenjulia marudio, yaani ule mchanga ambao wachimbaji wameshauosha na bado una dhahabu kidogo ndani. Mahali alipopataka ni pembeni ya ngitili, juu ya lambo la maji wanaponywa ng'ombe wetu. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uridhie, na muhtasari wake upelekwe na orodha ya mahudhurio yenye saini za watu. Mfanyabiashara huyo aliahidi kutujengea wodi ya wazazi. Mkwe wa Mwenyekiti alijifungulia barabarani, akiwa anakimbizwa hospitali kwa bodaboda, na mtoto hakupona. Kwa hiyo neno wodi lilipotajwa, nilimwona Mwenyekiti amekaa wima.

Ilikuwa msimu wa palizi. Karatasi zilitakiwa Ijumaa. Tulikuwa saba ofisini. Mtendaji wa kijiji, mtu aliyehamishiwa kwetu na aliyejua sana njia za karatasi, alisema hakuna atakayeacha shamba lake kuja mkutanoni.

"Lakini saini tunazo," akasema. "Juma lililopita walijaa hapa."

"Zile ni za mkutano wa kujenga nyumba ya mwalimu," Mwenyekiti akasema.

"Watu ni walewale, kijiji ni kilekile. Nyumba ya mwalimu, mtambo, yote si maendeleo? Tutawaeleza wakimaliza kupalilia."

Mwenyekiti alituzungushia macho. "Nani anapinga?"

Hakuna aliyepinga. Hata mimi sikupinga. Akasema, "Mama Kulwa, andika."

Niliandika. Mtendaji alinitajia tarehe, Jumanne ya juma lile. Niliandika kwamba mkutano mkuu uliridhia kwa kauli moja, nikachukua karatasi za mahudhurio ya nyumba ya mwalimu, nikazibana kwa pini nyuma ya muhtasari. Mwenyekiti alitoa mhuri kwenye koti, akafungua leso, akagonga. Siku ile hakuniambia nisome.

Hakuna hata mmoja kati yetu saba aliyeona kosa lililokuwa wazi kabisa. Kwenye zile karatasi palikuwa na saini ya Baba Shija. Baba Shija alikuja kwenye mkutano wa nyumba ya mwalimu akiwa mzima, akaugua ghafla, akafa. Tulimzika Jumapili. Mwenyekiti ndiye aliyeongoza sala kaburini. Na sisi tukaandika kwamba Jumanne alihudhuria mkutano.

Uzio wa mtambo ulijengwa. Mabwawa ya dawa ya kutenga dhahabu yakachimbwa. Tuliahidiana kuwaeleza watu wakimaliza kupalilia, ikawa wakimaliza kuvuna. Mvua zilipokuwa zinaisha, ng'ombe wanne wa familia moja walikufa karibu na lambo. Maji hatukupima, kwa hiyo sisemi walikufa kwa sumu. Nasema walikufa, na watu wakaanza kuuliza nani aliruhusu. Msimamizi wa mtambo akawatolea nakala ya muhtasari. "Mliruhusu wenyewe. Saini zenu hizi."

Mama Shija, mjane wa yule marehemu, alikuja ofisini na nakala hiyo mwezi wa saba. Alisoma darasa moja na mimi. Hakusalimia. Aliiweka karatasi mbele ya Mwenyekiti, akaweka kidole.

"Huyu ni mume wangu?"

"Ni yeye."

"Alihudhuria huu mkutano wa Jumanne?"

Mwenyekiti alikuwa ameshaona. Nilimjua, aliona palepale.

"Nauliza alikaa upande gani," Mama Shija akasema. "Maana mimi nilimwacha kaburini Jumapili. Kama alitoka, angepita nyumbani kwanza."

Mtendaji akaingilia. "Mama, ni makosa ya karani tu. Amekosea tarehe."

Karani nilikuwa mimi, nimekaa hatua tatu kutoka pale na kalamu mkononi. Nakala ilikuwa imechapwa wilayani, kwa hiyo Mama Shija hakujua ni mwandiko wa nani. Kwake karani alikuwa mtu wa ofisi yoyote huko juu. Nikainamia daftari langu.

Alasiri hiyo Mtendaji alinijia na barua aliyoiandika tayari, ya mimi kukiri kwamba nilikosea tarehe na kwamba mkutano ulikuwapo kweli. "Utapewa onyo tu, Mama Kulwa. Wewe huna cheo cha kupoteza. Mwenyekiti ana jina." Nilimwomba anipe mpaka siku ya mkutano mkuu. Zilibaki siku nne.

Siku nne zile sitazisahau. Barua ilikuwa chini ya godoro langu. Sikujua Mwenyekiti anaijua au haijui. Alipita mbele ya nyumba yangu akikokota baiskeli yake, hakusimama. Nilifikiri: ameshaamua, atanitupia mimi. Nikafikiri pia: akinitupia, nitasaini. Jumapili kanisani aliongoza sala, na alipofika mahali pa kuungama alikatisha sala, akarudi kuketi. Mchungaji akaimalizia mwenyewe.

Siku ya mkutano aliwahi. Kwa miaka yote kumi na moja, ile ndiyo mara pekee. Tulimkuta amesimama mbele ya viti vitupu, koti limefungwa vifungo vyote. Watu walijaa, na sungusungu walikuja na fimbo zao. Hakungoja Mtendaji asome ajenda.

"Mkutano mnaousoma kwenye ile karatasi haukufanyika," akasema. "Nilijua haukufanyika. Niligonga mhuri. Saini zenu mliziweka kwa ajili ya nyumba ya mwalimu, mimi nikazipeleka kwenye ngitili. Nilitaka wodi. Sikuwa na haki ya kuitaka kwa kuwaibia sauti zenu."

Mtu akapiga kelele, "Aliyeandika ni nani?"

"Mimi nasema la kwangu."

"Mtaje!"

"Nimesema, nasema la kwangu."

Hakunitazama. Kama angenitazama, watu wangeyafuata macho yake. Mimi nilikuwa naandika muhtasari wa mkutano huohuo. Upo mpaka leo, ukurasa wa kwanza: Mwenyekiti alikiri kosa mbele ya wananchi. Jina langu sikuliandika. Ile barua ya Mtendaji niliichoma jikoni, nikajiona nimepona.

Kamanda wa sungusungu, mtu mzima mwenye sauti ya chini, alisimama akatoa hukumu kama kawaida yetu. Mwenyekiti atoe fahali mmoja, achinjwe, watu wale, jambo liishe.

Hapo ndipo lilipotokea ambalo hakuna aliyelitazamia.

"Fahali ninaye," Mwenyekiti akasema. "Simtoi."

"Unakataa adhabu?"

"Nakataa liishe. Mtakula, mtanawa mikono, mtaniita tena mzee, na uzio utabaki kwenye ngitili. Nitamtoa siku uzio unapong'olewa."

"Basi umejitenga mwenyewe."

"Nimejitenga."

Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu mzee ana kiburi." Inawezekana. Nilimjua muda mrefu na bado siwezi kusema ilikuwa imani au kiburi. Nadhani vilikuwapo vyote viwili.

Kutengwa kwetu si maneno. Mtu hakusalimii, na ukimsalimia anapita. Mashine ya kusaga haipokei mahindi yako. Shambani kwako haji mtu, na anayekuja kwako kwa siri akijulikana anatozwa naye. Kanisani Mchungaji alimwondoa kwenye uzee wa kanisa akamweka benchi la mwisho, akakaa huko peke yake, akiimba kwa sauti kubwa kuliko zamani. Aliandika barua ya kujiuzulu, lakini huko juu hawakumjibu, kwa hiyo aliendelea kuwa Mwenyekiti asiyesalimiwa. Kwa baiskeli alikwenda kata, alikwenda wilayani, akijishtaki mwenyewe kwa maandishi na kubeba nakala zote. Tulisikia kwamba ofisa mmoja alimwambia, "Mzee, sijawahi kupokea malalamiko ambayo mlalamikaji na mlalamikiwa ni mtu mmoja." Mwishowe mtambo ulisimamishwa, shauri likaenda baraza la ardhi. Uzio haujang'olewa. Mpaka ninapoandika bado upo.

Watu walianza kunong'ona kwamba amelipa vya kutosha. Lakini hakuna aliyeweza kumfungulia bila fahali, na yeye hakumtoa.

Mwezi wa kwanza moyo wake ulimsumbua, akalazwa hospitali ya Kolandoto juma zima. Aliporudi nilikwenda kumwona. Ilikuwa saa saba mchana, watu wako mashambani. Nilipita nyuma, kwenye minyaa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu imevimba, koti limetundikwa ukutani. Sikuwahi kumwona bila lile koti.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Usisimame mlangoni, utatozwa."

Niliingia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini lililotoka ni moja. "Kwa nini hukunitaja?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "La kwangu nilikuwa na ruhusa ya kulisema. La kwako, kama ningelisema, ningekuwa nimekunyang'anya."

"Nimekuja nikuombe msamaha."

"Mimi? Mimi niligonga mhuri." Alipumua kwa shida, akangoja pumzi irudi. "Mama Shija anakaa pale kwenye bati jipya. Huhitaji hata baiskeli."

Alikuwa mkali, na nilikasirika. Nilikuwa nimekuja kwa hatari yangu, nikapokelewa hivyo. Nilisema kwa sauti ya chini kwamba nina watoto, kwamba yeye ana ng'ombe na ukoo wa kumtunza, mimi nikitengwa nitakula nini.

"Ni kweli," akasema. "Ni ngumu."

Mke wake aliniletea maji. Niliyanywa, nikaaga, nikapita tena nyuma. Nyumba ya Mama Shija niliiona upande wa kulia. Nikaenda kushoto. Na nikaendelea kwenda kushoto majuma saba, mpaka ile Jumatano.

Basi tukarudi pale, Alhamisi, saa tano, makaburini hakujachimbwa. Mtoto wake mkubwa alitoka nje ya uzio akaenda kwa kamanda.

"Mchukueni fahali. Tumzike baba."

Kamanda akasema, "Baba yako alisema asitolewe mpaka uzio ung'olewe. Tukimchukua leo tutakuwa tumemshinda akiwa amelala."

Mama Shija alikuwa upande wa wanawake waliobaki nje. Alisema kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Mimi sitaki nyama yenu. Nataka kujua nani alimwita mume wangu mkutanoni baada ya kuzikwa. Huyu aliyekufa alisema la kwake. Kuna mtu hajasema."

Nilisimama. Sikuwa jasiri. Nilimwona mke wa Mwenyekiti akitazama mlango wa chumba chenye maiti, nikashindwa kuendelea kukaa. Nikatoka nje ya uzio.

"Ni mimi," nikasema. "Niliandika muhtasari kwa mkono wangu, nikabana zile karatasi kwa pini. Mwenyekiti hakunitaja. Nimemwacha abebe peke yake miezi minane."

Mtu akasema, "Yesu wangu." Kamanda akaniita mama kwa lugha yetu, "Mayu, unajua unachosema?" Nikasema najua.

Mama Shija alinisogelea. "Ulikuwapo kwenye mazishi ya mume wangu?"

"Nilikuwapo."

"Ulifanya nini?"

"Nilipika ugali. Mimi na dada yako."

"Ulipika," akasema, kama anayelipima lile neno. Kisha akawageukia wanaume. "Chimbeni."

"Na huyu?" kamanda akauliza.

"Huyu yuko hai. Anaweza kungoja."

Walichimba. Udongo ulikuwa mkavu, ikawachukua mpaka saa kumi. Mchungaji alisali, fundi cherehani akapiga dua yake kimyakimya pembeni. Fahali hakuchinjwa. Tulimzika Mwenyekiti jua likiwa limeinama, na watu wakatawanyika bila kuniaga.

Adhabu yangu haijatajwa. Mkutano umeitishwa juma lijalo.

Jana asubuhi nilikwenda bombani. Wanawake walikuwapo sita, wakaacha kuzungumza, wakanipisha kama ninavyopishwa siku hizi. Nilijaza ndoo yangu ya lita ishirini, nikakunja kanga nikaiweka kichwani, nikangoja kidogo. Hakuna aliyekuja kunitwisha. Nikapiga goti moja chini, nikainyanyua mpaka pajani, kutoka pajani mpaka begani. Maji yakanimwagikia. Nikaifikisha kichwani, nikasimama, nikaenda nyumbani.